Unaanza sheria UNILU? Kukaa homu, Kalubwe, cité au kwa ndugu

Mwanafunzi anayekuja Lubumbashi kuanza sheria UNILU, yaani Chuo Kikuu cha Lubumbashi, huuliza kwanza bei ya chumba. Ana haki ya kuuliza, maana pesa ya wazazi haiokotwi njiani. Lakini liko swali linalotangulia bei: ndani ya nyumba hiyo utapata saa ngapi kwa siku za kukaa na kitabu, taa ikiwaka na kichwa kimetulia? Sheria haina maabara wala karakana. Kazi yake ni kusoma: silabi ya profesa (maandishi ya somo lake), kisha maandishi ya sheria yenyewe, kisha kurudia mpaka uweze kueleza kwa Kifaransa safi kwa nini kifungu hiki kinagusa kesi hii na kile hakiigusi. Katika mfumo wa LMD (licence, master, doctorat: shahada tatu zinazofuatana) mwaka una krediti 60, muhula 30, na kazi ya krediti hizo haiishii ndani ya oditwari, ukumbi wa masomo. Nyingine unakwenda nayo nyumbani. Ndiyo maana nazilinganisha nyumba kwa saa za kusoma, bei ikifuata nyuma.

Njia ambazo wengi wanazo ni nne. Ya kwanza ni homu, yaani mabweni ya kampasi ya Kasapa. Ya pili ni chumba cha kupanga karibu na kampasi: Kalubwe, Gambela, au mtaa wa Kasapa wenyewe upande wa komine (sehemu ya utawala ya mji) ya Annexe. Ya tatu ni chumba cha kupanga katika cité, yaani mitaa ya wananchi wa kawaida: Katuba, Kenya, Kamalondo, Ruashi. Ya nne ni kukaa kwa ndugu: baba mdogo, mama mkubwa, shangazi, yaya (dada mkubwa) aliyeolewa huku. Mtoto wa Lubumbashi anayebaki kwa wazazi hesabu yake iko karibu na hiyo ya nne.

Barabara inakula nini

Kasapa iko kaskazini-magharibi ya mji. Katuba iko kusini, Ruashi iko mashariki. Basi za cité kwa kawaida zinamalizia katikati ya mji, kwa hiyo wa Katuba au Ruashi anapanda mara mbili: ya kwanza kumfikisha mjini, ya pili ya barabara ya Kasapa. Kwenda na kurudi ni nauli nne kwa siku. Zizidishe kwa siku za masomo za mwezi mzima, halafu uziongeze juu ya kodi ya kile chumba cha Katuba kilichoonekana rahisi. Mara nyingi tofauti na Kalubwe inabaki ndogo, na pengine inaisha kabisa. Manseba, mwenye pikipiki ya kubeba abiria, atakufikisha haraka, ila pikipiki kila asubuhi haiingii katika bajeti ya mwanafunzi.

Nauli yenyewe si hasara kubwa kuliko zote. Oditwari ya mwaka wa kwanza hujaa, na anayechelewa anasimama nyuma kabisa, ambako sauti ya profesa inamfikia vipandevipande. Aliye homu anaamka, ananawa, anatembea. Wa Kalubwe anatembea pia, au anachukua gari moja. Wa Katuba anatoka kungali giza, na jioni anagombania nafasi ndani ya basi pamoja na watu wote wanaotoka kazini. Akifika nyumbani mwili unaomba kitanda, na silabi inabaki ndani ya mfuko. Siku TP Mazembe wanacheza kwenye uwanja wao wa Kamalondo, wanaopita upande ule waongeze muda tena.

Kwa barabara peke yake, homu inashinda, Kalubwe inafuata kwa karibu, na cité inabaki mbali. Kwa ndugu, kila kitu kinategemea ndugu anakaa wapi. Shangazi wa Golf na shangazi wa Ruashi ni maisha mawili tofauti.

Usiku: umeme na kelele

SNEL, shirika la umeme, inakata umeme komine zote, lakini mtaa na mtaa si sawa. Kuna avenyu (barabara za mtaa) zinazokaa na umeme karibu kila usiku, na hatua chache mbele kuna nyingine zinazoupata kwa zamu. Jambo hili usimuulize mwenye lupango (kiwanja chenye nyumba), maana yeye anataka mpangaji. Muulize mama wa jirani anayeuza maji ya baridi na vitu vya friji. Biashara yake inasimama au inaanguka kwa umeme huo, na atakwambia saa kwa saa.

Hata ukikaa pazuri, nunua taa ya kuchaji kabla ya kununua pazia. Na usingoje masomo yaanze ndipo utafute maandishi ya sheria. Kwenye leganet.cd sheria nyingi za Kongo zinasomwa bila kulipa. Pakua mapema Katiba ya tarehe 18 Februari 2006 na Code de la famille, yaani Sheria ya Familia, ile sheria namba 87-010 ya tarehe 1 Agosti 1987, pamoja na marekebisho yake ya 2016. Ziweke ndani ya simu, zikae tayari kwa usiku ambao intaneti imekwama. Anayeingia darasa la kwanza akiwa amekwisha kuzipitia, hata bila kuzielewa zote, haogopi tena lugha ya sheria.

Kelele ni habari nyingine. Kenya ni komine ninayoipenda: soko yake ina kila kitu, chakula ni rahisi, na hakuna mtu anayelala na njaa akiwa na faranga kidogo. Lakini usiku kuna baa upande huu na maombi yenye vipaza sauti upande ule, na mwanafunzi wa sheria yuko katikati na kifungu chake. Wapo wanaoweza kusoma hivyo, wamezaliwa humo na masikio yao yamezoea. Anayetoka Kamina au kijijini asijidanganye kwamba atazoea ndani ya muhula mmoja.

Homu nayo ina kelele yake. Chumba kinakuwa na watu wengi kuliko vitanda, wageni wanalala, mjadala wa siasa unaweza kufika usiku wa manane. Pamoja na hayo, homu ina kitu ambacho nyumba nyingine hazina: wakubwa waliokwisha kupita mtihani uleule. Wanazo silabi za zamani, wanajua profesa gani anauliza nini, na usiku wa kuamkia mtihani utasikia watu wanne wanabishana juu ya swali moja la droit civil (sheria ya kiraia) mpaka wewe uliyekaa kimya pembeni unaelewa. Kwa mtu mwenye nidhamu, kukaa karibu na watu hao kuna thamani kubwa. Asiye na nidhamu atabaki na mjadala wa siasa.

Kuna jambo la homu ambalo wazazi wa umri fulani hawalisemi kwa sauti. Wanakumbuka usiku wa tarehe 11 kuamkia 12 Mei 1990, wanafunzi waliposhambuliwa kampasi ya Kasapa na watu wa usalama wa utawala wa Mobutu. Mama akisita kusikia neno homu, usibishane naye. Msikilize mpaka amalize. Na anayekwenda kusoma sheria anapaswa kujua kilichotendeka mahali atakapolala.

Kalubwe na mitaa ya jirani inaweza kuwa tulivu kuliko zote, au isiwe hivyo kabisa. Inategemea lupango. Lupango iliyojaa wanafunzi peke yao inageuka dansi kila Jumamosi. Ile ambayo mwenyewe anaishi mbele na familia yake, na aneksi (vyumba vya pembeni) za wapangaji ziko nyuma, kwa kawaida inalala mapema na geti inafungwa. Mimi ningechagua hiyo hata kama mwenyewe ana masharti makali juu ya wageni. Masharti yake yatalinda usiku wako.

Pesa ya kuingia

Chumba cha kupanga hakidai kodi ya mwezi peke yake. Kuna garanti (pesa ya dhamana anayoshika mwenye nyumba), kuna mwezi wa kwanza, kuna komisioneri aliyekuonyesha nyumba, ambaye mara nyingi anadai kiasi cha kodi ya mwezi mmoja. Tuseme, kwa mfano wa hesabu tu, chumba ni dola 50. Garanti ya miezi 3 ni 150, mwezi wa kwanza 50, komisioneri 50. Unaingia na dola 250 kabla ya godoro, mbabula (jiko la makaa), gunia la makala (makaa), ndoo na chandarua. Pesa ya masomo nayo inadaiwa katika majira yaleyale. Familia nyingi zinaweza kodi ya kila mwezi. Kinachozishinda ni kudaiwa vyote kwa wakati mmoja. Ndiyo sababu kupanga wawili ndani ya chumba kimoja, mkigawana mzigo huo wa mwanzo, ni uamuzi wa busara kwa mwaka wa kwanza.

Sheria namba 15/025 ya tarehe 31 Desemba 2015, inayohusu upangaji usio wa biashara, imeweka mpaka: garanti ya nyumba ya kuishi isizidi kodi ya miezi 3. Wapo wenye lupango wanaoomba zaidi, na wanaipata kwa sababu mpangaji hajui au ana haraka. Wewe unayekwenda kuwa mtu wa sheria, anza na hiyo. Isome kabla hujatafuta chumba. Lakini usiende nayo mlangoni kwa mtu kama rungu. Mwambie kwa adabu: "Baba, sheria inatupa miezi tatu, na miezi tatu niko nayo leo mkononi." Mwenye pesa tayari na maneno ya heshima anasikilizwa.

Mkataba uandikwe, nakala mbili, hata kama mwenye lupango ni mtu wa kanisa lenu. Iandikwe garanti ni kiasi gani na kwa pesa gani, maana kodi hutajwa kwa dola na wengi wanalipa kwa faranga. Iandikwe nani analipa SNEL na REGIDESO, shirika la maji, na mnagawana vipi na wapangaji wengine, kwa sababu ugomvi mwingi wa lupango unaanzia hapo. Iandikwe hali ya mlango, kufuli, vioo na swichi siku ya kuingia, na upige picha. Kila malipo yawe na risiti. Ukilipa kwa M-Pesa au Airtel Money, ujumbe wake usiufute. Mkikosana, kabla ya mahakama kuna ofisi ya makazi ya komine ambako watu wanapatanishwa kwanza, na pale mwenye karatasi ndiye mwenye neno.

Homu ni rahisi kuliko vyote kwa pesa, lakini vitanda ni vichache kuliko wanaovitaka. Omba kwenye ofisi ya chuo yenyewe, mapema, upewe karatasi yenye jina lako. Mwanafunzi anayekuuzia kitanda chake kwa mdomo anakuuzia ugomvi.

Kwa ndugu: deni lisiloandikwa

Kwa ndugu hakuna garanti wala komisioneri, na kwa familia nyingi hiyo ndiyo njia pekee. Sitaki mtu aione kuwa ya chini. Ila nayo ina gharama yake, na gharama hiyo ihesabiwe kwa uwazi kama zile nyingine.

Baba mdogo anakupa paa, bukari (ugali) na sombe (kisamvu). Lubumbashi inakula mahindi mengi yanayotoka Zambia. Mpaka ukibanwa, au majira kabla ya mavuno yakifika, bunga (unga) inapanda bei, na meka (kopo la kupimia) iliyotosha nyumba siku mbili haitoshi tena. Kwa hiyo usifike mikono mitupu. Anayetoka Kalemie alete samaki wakavu, anayetoka upande wa Kamina alete mahindi, karanga, mafuta ya mawese, kadiri ya uwezo. Na baada ya hapo, kila mwezi, wazazi watume kitu kidogo chenye jina: hiki ni cha bunga, hiki ni cha makala. Kidogo kinachofika kila mwezi kinalinda amani ya nyumba.

Gharama nyingine ni saa. Kuteka maji, kwenda soko, kuangalia watoto, kuandaa wageni, kusimama kwenye kilio cha jamaa wa mbali. Hakuna ubaya katika hayo, ndiyo maisha yetu. Lakini yasipopangwa yanakula usiku wote wa kusoma. Msichana anabebeshwa zaidi, na hili linaniuma: binti mwenye akili anafika kwa mama mkubwa, muda si mrefu amekuwa msaidizi wa nyumba anayekwenda kampasi akipata nafasi. Anarudi oditwari jumatatu hajafungua daftari tangu ijumaa, na watu wanasema sheria ni ngumu kwake.

Dawa yake ni kuzungumza mapema, na neno lisitoke kwa kijana. Baba yako ampigie simu mdogo wake, wazee wapatane kati yao: mtoto atafanya kazi gani, na saa zipi ataachiwa meza. Halafu wewe mwenyewe, siku ya kwanza au ya pili, ukae mbele yao wote wawili, useme: "Baba mdogo, mama mdogo, asante kwa kunipokea. Asubuhi nitateka maji na kufagia lupango mbele ya kwenda kampasi. Naomba usiku, kuanzia saa mbili mpaka saa nne, mnisaidie nisome." Ukisema "mnisaidie", umewaingiza katika masomo yako. Nimeona nyumba ambamo baada ya maneno kama hayo baba mdogo mwenyewe anapunguza redio.

Na kuna kitu ambacho Kalubwe haiwezi kukupa. Majira ya mvua malaria inaongezeka. Ukipata homa usiku peke yako ndani ya aneksi, utajua maana ya kuwa na mama mdogo anayegonga mlango asubuhi kwa sababu hajakusikia ukiamka. Anayepanga mbali na ndugu awe na mtu mmoja aliyekubaliana naye kupigiana simu kila siku.

Tazama nyumba ya Septemba kwa macho ya Januari

Vyumba vingi vinatafutwa Septemba, jua kali, udongo umekauka, kila ukuta unaonekana mzima. Mvua zinaanza Oktoba kwenda Novemba na zinaendelea mpaka Aprili, ndani ya masomo yako. Basi tafuta alama ya maji chini ya kuta. Ingia ndani mchana, funga mlango, utazame juu: mwanga ukipenya kwenye mabati, maji yatapenya pia. Tazama mfereji wa mbele kama umezibwa na takataka. Pima kwa hatua umbali wa kisima na choo, na hata vikiwa mbali, maji ya kunywa yachemshwe, kwa sababu kipindupindu kimewahi kuua watu mji huu. Uliza kama avenyu inapitika baada ya mvua kubwa. Huko Annexe kuna mahali ambapo udongo mwekundu unakunyang'anya kiatu. Na Juni na Julai Lubumbashi ina baridi ya kweli. Blanketi moja nzito iingie katika bajeti.

Nani achague nini

Anayekuja mara ya kwanza, hajui mji, na ana ndugu hata mmoja hapa: aanze kwa ndugu huyo kwa wiki za mwanzo, hata kama ni Ruashi. Kutokea hapo atembee mwenyewe Kalubwe na Gambela, azungumze na wapangaji, apate mwenzake wa kugawana chumba ambaye wamekwisha kuonana darasani. Kumchagua mwenzako wa chumba kwa simu kabla ya kumjua ni hatari kuliko kuchagua chumba chenyewe. Kisha ahame kabla muhula haujashika moto. Kwa wengi hii ndiyo njia ninayoiona bora, kwa sababu saa za kusoma zinapatikana na ndugu anabaki ndugu: Jumapili unakwenda kula kwake, na ukiugua anajua unakaa wapi.

Mwenye ndugu karibu na Kasapa au Golf, nyumba yenye utulivu, na wazee waliokubaliana: abaki hapo. Asihame kwa kutafuta uhuru. Pesa ya garanti inunue vitabu vya sheria na kompyuta ndogo iliyotumika.

Aliyepata kitanda cha homu kwa karatasi halali na anajijua kuwa ni mtu wa ratiba: aingie, alale mapema, asome alfajiri wakati chumba kizima kimelala, na mchana atumie maktaba.

Cité, Katuba au Kenya, naiachia anayefanya kazi huko, mwenye mke au mume na watoto huko, au asiyeweza kabisa garanti ya mahali pengine. Huyo asikate tamaa, ila asirudi nyumbani mapema. Abaki kampasi baada ya masomo ya mwisho, asome humohumo kwa muda wa saa mbili, apande basi watu wakiwa wamepungua. Kwa msichana hilo linahitaji mwenzake wa kusafiri naye, kwa sababu ya giza la vituo.

Na usichague nyumba kwa miaka yote mitano, ile 3 ya licence na 2 ya master. Chagua ya muhula wa kwanza. Matokeo ya muhula huo yakibandikwa, kaa na wazazi kwa simu, muone kama nyumba ilikupa saa ulizohitaji, na kama haikukupa, mpe mwenye lupango notisi kwa maandishi kama mkataba wenu unavyosema, ubaki na nakala yenye sahihi yake.